Kalenda ya simu inapokuangusha: tafuta ugonjwa kwanza, programu baadaye

Msimu wa Juni ukifunguka, ofisi ndogo za utalii hapa Arusha huishi kwa kalenda. Nani anapokelewa KIA, yaani uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, gari lipi linalala Karatu, kundi lipi linashuka mlimani na kutokea geti la Mweka siku ya Alhamisi. Kwenye ofisi ninayofanya kazi, mimi ndiye ninayeandika ratiba hizo na kuzifikisha kwenye simu za madereva na waongozaji, na kengele isipolia ni mimi ninayepigiwa. Maneno huwa yale yale: "Dada, hii programu haifai, nitafutie nyingine."

Nimewatafutia nyingine mara nyingi. Nimewahi kuweka programu tatu kwenye simu ya dereva mmoja, na wiki iliyofuata tatizo likarudi vilevile. Ndipo nilipoanza kuuliza kwanza ugonjwa uko wapi, kwa sababu kalenda ya simu si kitu kimoja. Kuna programu unayoiona kwenye kioo. Hiyo ni dirisha tu. Kuna akaunti ambamo miadi yenyewe imehifadhiwa, iwe ya Google, Samsung, iCloud au Microsoft. Hiyo ndiyo stoo. Halafu kuna simu, yaani Android au iOS, inayoamua programu ipi iamshwe saa ngapi na ipi iachwe ilale. Ukibadilisha dirisha wakati kilichovuja ni stoo, hujatibu kitu.

Nimeyapanga malalamiko kama yanavyonijia. Anza na linalofanana na lako.

"Haikulia kabisa"

Hili ndilo linaloongoza, na mara nyingi programu haina kosa.

Angalia arifa kwanza. Tangu Android 13, iliyotoka 2022, programu mpya haiwezi kutoa arifa mpaka uiruhusu, na wengi wetu tukiona kisanduku cha kuomba ruhusa tunakataa ili tupite haraka. Ukikataa mara mbili, haiulizi tena. Ingia Mipangilio, kisha Programu, chagua kalenda yako, fungua Arifa na uziwashe. Ukiwa humo humo, tazama aina za arifa moja moja, maana unaweza kukuta zote zimewashwa lakini ile ya miadi imewekwa kimya. Hakikisha pia hali ya Usinisumbue haijiwashi yenyewe kila usiku bila wewe kujua.

Arifa zikiwa sawa, nenda kwenye betri. Android ilianza kuzilaza programu simu inapotulia tangu toleo la 6 la mwaka 2015, na watengenezaji wengi wa simu wameongeza ukali wao juu ya huo, hasa kwenye simu za bei nafuu. Simu ikikaa mezani usiku kucha bila kuguswa, kalenda hulazwa pamoja na nyingine. Dalili yake unaitambua kirahisi: kikumbusho hakipotei, kinachelewa. Kilipaswa kuja saa kumi alfajiri, kinakuja saa kumi na mbili, pale pale unapoishika simu na kuwasha kioo. Dawa ni kurudi kwenye ukurasa wa programu hiyo, sehemu ya Betri, na kuiondolea vikwazo. Samsung ina orodha ya programu zilizolazwa moja kwa moja. Kalenda ikiwa humo, itoe. Na kama umeweka zile programu zinazoahidi kuisafisha simu na kuiongezea kasi, jua kwamba kazi yake ni kuzizima programu nyingine, kalenda ikiwemo. Ushauri wangu ni kuziondoa kabisa.

Ruhusa ya tatu wengi hawajui kama ipo. Tangu Android 12 ya mwaka 2021 kuna ruhusa ya pekee ya kengele na vikumbusho. Programu isipokuwa nayo, simu ina haki ya kusogeza kikumbusho mbele kidogo ili kuokoa chaji. Kuanzia Android 14, programu nyingi mpya hazipewi ruhusa hiyo mpaka wewe mwenyewe uiwashe. Kama kalenda yako inachelewa kwa dakika kadhaa tu, si kwa saa, anzia hapo.

Sasa jambo ambalo si ugonjwa, ila limewakosesha watu ndege. Kikumbusho cha kalenda si kengele ya kuamsha. Google Calendar hutoa mlio mmoja mfupi kisha inanyamaza. Dereva aliyerudi nyumbani Sakina saa nne usiku baada ya siku nne za vumbi la Serengeti hataamshwa na mlio huo, na hastahili kulaumiwa. Safari yoyote ya alfajiri iwekee kengele kwenye saa ya simu, hata kama imeandikwa kwenye kalenda. Mwenye Samsung anaweza kuingia kwenye mipangilio ya kalenda yake na kuchagua mtindo mkali wa tahadhari, ule unaojaza kioo chote na kuendelea kulia mpaka uuzime.

Na kuna muda wa kikumbusho wenyewe. Kwenye Google Calendar miadi mpya kwa kawaida hukumbushwa dakika 30 kabla. Kutoka mjini hadi KIA ni kama kilomita 50. Ukikumbushwa dakika 30 kabla ya ndege kutua, umeshachelewa. Nenda kwenye mipangilio ya kalenda husika ubadilishe muda huo uwe saa mbili, au uweke viwili, kimoja cha usiku uliotangulia. Miadi ya siku nzima ina mpangilio wake tofauti, kwa hiyo ukirekebisha ya kawaida bado hujagusa ile.

"Imelia, lakini saa si yenyewe"

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kosa hili ni letu sisi tunaosema Kiswahili, na sijaona programu yoyote inayolitibu.

Miaka kadhaa iliyopita, kwenye ofisi nyingine niliyokuwa, mwenzangu alipokea ujumbe wa sauti: wageni wawili, Ijumaa, saa nane usiku, KIA. Akaandika Ijumaa, 8:00 PM. Gari likafika uwanjani Ijumaa saa mbili usiku, safi, likiwa na maji ya kunywa na kibao chenye majina. Wageni walikuwa wametua usiku wa kuamkia Ijumaa hiyo, saa 2:00 kwa saa za tiketi. Walikuwa mume na mke, watu wazima sana, na walikaa kwenye viti mpaka kukapambazuka ndipo wakakodi teksi. Hawakugomba. Yule mama alisema tu kwamba walidhani wamesahauliwa, na neno hilo sijalisahau.

Kosa hilo lina mitego mitatu ndani yake. Wa kwanza ni tofauti ya saa sita kati ya saa tunayotamka na ile iliyoandikwa kwenye kioo. Wa pili ni AM na PM, ambazo mtu mwenye haraka hubonyeza bila kutazama. Wa tatu, ulio mbaya zaidi, ni tarehe. Kwa simu, siku inageuka saa sita usiku kamili. Kwetu, "Ijumaa usiku saa nane" mmoja anaielewa kuwa usiku unaoamkia Ijumaa, mwingine anaielewa kuwa usiku unaofuata mchana wa Ijumaa, na kila mmoja ana hoja yake.

Weka simu kwenye mfumo wa saa 24. Iko kwenye Mipangilio, sehemu ya tarehe na saa, na ukishaiweka habari ya AM na PM imekwisha. Kisha shika hesabu hii: kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, ongeza sita kwenye saa ya Kiswahili, kwa hiyo saa moja asubuhi ni 07:00 na saa nane mchana ni 14:00. Ile saa kumi na mbili ya asubuhi ihesabu kuwa sifuri, upate 06:00. Ya jioni ni 18:00. Kuanzia saa moja hadi saa tano usiku, ongeza kumi na nane: saa mbili usiku ni 20:00. Saa sita usiku ni 00:00 ya tarehe mpya. Kuanzia saa saba usiku mpaka alfajiri, toa sita: saa nane usiku ni 02:00, saa kumi alfajiri ni 04:00, na zote hizo ni za tarehe mpya.

Sisi siku hizi tunaandika zote mbili ndani ya jina la miadi: "KIA 02:00, saa nane usiku, Alhamisi kuamkia Ijumaa." Ni ndefu, lakini anayesoma hana pa kukosea. Usitegemee lugha ya simu ikuokoe. Ukiiweka kwa Kiswahili, majina ya siku na miezi yanageuka, ila 14:00 inabaki 14:00.

Tukiwa hapo hapo, angalia na mpangilio wa tarehe. Simu iliyowekwa Kiingereza cha Marekani hutanguliza mwezi, kwa hiyo 7/8 kwake ni tarehe 8 Julai, si 7 Agosti. Kwa bahati mbaya sikukuu zetu mbili za kipindi hicho, Saba Saba na Nane Nane, zinasomeka sawa pande zote, hivyo unaweza kukaa na kosa hilo msimu mzima bila kulishtukia. Badilisha iwe Kiingereza cha Uingereza au Kiswahili. Wanaosumbuliwa na kalenda inayoanza Jumapili wanaweza kuchagua siku ya kuanzia. Google Calendar inakubali Jumamosi, Jumapili au Jumatatu. Mimi nimechagua Jumamosi, siku ya mosi kama jina lake, na macho yangu yanatulia.

"Mkutano na wakala wa Ulaya umesogea wenyewe"

Haujasogea wenyewe. Wenzetu wa Ulaya husogeza saa zao Jumapili ya mwisho ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Sisi hatusogezi, Tanzania iko saa tatu mbele ya saa ya dunia mwaka mzima. Ndiyo maana wakati wa baridi yao tunaitangulia Ujerumani kwa saa mbili, na kiangazi chao kwa saa moja. Wakala akiandaa mkutano wa kila Jumanne saa 10:00 ya kwake, kwako utakuwa 12:00 Februari na 11:00 Mei. Ukiuandaa wewe, ni yeye atakayeuona ukihama. Kubalianeni mapema saa ya nani ndiyo mama, na huyo ndiye auandike. Marekani nao husogeza zao, ila tangu Jumapili ya pili ya Machi, hivyo kuna majuma mawili au matatu ambamo wao wamehama na Ulaya bado. Kipindi hicho mimi huthibitisha kila mkutano kwa ujumbe.

Lakini kama miadi yote imehama, hata ya hapa hapa, basi kilichobadilika ni saa za eneo kwenye simu. Ziweke zijirekebishe kwa mtandao, au uchague Dar es Salaam. Madereva wa Namanga na Holili huniuliza kama laini ya Kenya inaweza kuwavuruga. Haiwezi, Nairobi na sisi tunatumia saa ile ile. Aliyetoka Rwanda, Burundi au Malawi ndiye aangalie, kwa kuwa wako saa moja nyuma yetu.

"Nimebadilisha simu, kila kitu kimepotea"

Hapa ni stoo. Miadi ilikuwa imehifadhiwa ndani ya simu yenyewe, si kwenye akaunti, na simu ikiibiwa sokoni Kilombero au ikidumbukia mtoni, miadi inakwenda nayo. Fungua miadi yoyote leo utazame imeandikwa chini ya nini. Ukiona anwani yako ya Gmail, uko salama. Ukiona "simu yangu", "kifaa" au neno la namna hiyo, kila unachoandika kiko kwenye hatari. Badilisha kalenda ya kuanzia iwe ya akaunti, kisha uhamishe ya zamani: programu kama Fossify Calendar hutoa miadi yote kwenye faili moja la aina ya ICS, na faili hilo unaliingiza kwenye Google Calendar kupitia kivinjari cha kompyuta.

Kama uliifuta kwa bahati mbaya na ilikuwa Google, ingia kalenda hiyo kwenye kompyuta, ufungue pipa la taka. Vilivyofutwa hukaa humo kwa takriban siku 30. Mwenye iPhone asiyeona miadi ya miezi iliyopita asiogope kwanza. Kwenye mipangilio ya Kalenda kuna sehemu ya usawazishaji inayoamua irudishe nyuma kiasi gani, na unaweza kuchagua miadi yote.

"Nimeandika, mwenzangu haoni"

Mara nyingi ni bando. Miadi iliyokwisha kushuka kwenye simu inasomeka bila intaneti, kwa hiyo mwongozaji aliyeko kambi ya Barafu, juu Kilimanjaro, anaiona ratiba yake. Mabadiliko uliyoyafanya leo asubuhi ndiyo hayamfikii. Ukibadilisha jambo lililobaki chini ya saa 24, mpigie. Kalenda haikuondolei kazi hiyo.

Kama data iko na bado haoni, angalia nafasi ya simu. Ikijaa, usawazishaji hukwama kimya kimya. Kisha tazama kwenye orodha ya kalenda kama ile ya ofisi imewekewa alama ya tiki. Mwisho, angalia ulimpa haki gani. Kuna mtu anayeruhusiwa kuona tu kwamba una shughuli bila kujua ni ipi, kuna anayeona kila kitu, na kuna anayeweza kubadilisha. Madereva wetu wanaona, hawabadilishi. Mabadiliko yanapita kwa mtu mmoja.

Mengine ya haraka

Inalia mara mbili: una programu mbili zinazosoma stoo moja. Zima arifa za mojawapo, usifute miadi.

Kodi ya chumba uliyoiweka kila tarehe 31 inaruka baadhi ya miezi: ndivyo kanuni ya kalenda ilivyo, mwezi usio na tarehe hiyo unarukwa. Iweke tarehe 28, au chagua siku ya mwisho ya mwezi kama programu yako inalo chaguo hilo. Ritani ya VAT ya tarehe 20 haina tabu hiyo, ila ikumbushe siku tano kabla.

Mialiko ya ajabu ya zawadi na simu za bure: usibonyeze kitu ndani yake. Kwenye Google Calendar, weka mialiko iingie tu ikiwa unamfahamu aliyetuma. Kwenye iPhone, mara nyingi umejiunga na kalenda ya kitapeli bila kujua. Ifute kalenda yenyewe.

Idi imeonyeshwa siku isiyo yake: kalenda inakisia kwa hesabu, mwezi unaandama kwa wakati wake. Usimpangie mgeni gari kwa kutegemea tarehe hiyo.

Umeyapitia yote na bado? Sasa badilisha

Kama mnafanya kazi wengi na wote mna Gmail, Google Calendar ndiyo bora kwa kugawana, na sioni sababu ya kuikimbia. Ofisi inayotumia barua pepe za Microsoft ikae na Outlook. Mwenye Samsung anayesinzia sana atumie kalenda ya Samsung kwa sababu ya ile tahadhari kali, lakini aifungulie akaunti ya Google ndani yake, ili dirisha liwe la Samsung na stoo ya Google.

Kwa simu ndogo iliyojaa, napenda Etar na Fossify Calendar. Ni nyepesi, hazina matangazo, na zinasoma stoo ile ile ya simu. Fossify ina historia yake: watu wengi walikuwa wakitumia Simple Calendar, na mwishoni mwa 2023 mradi huo ukauzwa kwa kampuni iitwayo ZipoApps, baadhi ya waliokuwa wakiujenga wakaendeleza kazi ile kwa jina jipya. Na 2015 Microsoft ilinunua kalenda iliyopendwa sana, Sunrise, kisha ikaifunga 2016. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa programu yoyote ni kama nitaweza kutoka nayo. Isiyotoa faili la ICS siiweki, hata iwe na rangi nzuri kiasi gani.

Swali la pili ni inaomba nini. Kalenda ya bure inayotaka mahali ulipo, picha zako na kumbukumbu za simu ulizopiga, iache. Sisi tunaandika humu majina ya wageni, ndege zao, hata maradhi yao, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inatuwajibisha kwa hayo. Namba za pasipoti hazina kazi kwenye kalenda, zitoe. Anayehitaji usiri mkubwa atazame Proton Calendar, inayosimba miadi kiasi kwamba hata wenye huduma hawaisomi, akijua kuwa programu nyingine kwenye simu nazo hazitaweza kuisoma.

Ukishachagua, usihame siku ya kwanza. Andika miadi moja ya majaribio kwenye programu mpya, ya saa kumi alfajiri, ijirudie siku tatu kuanzia kesho, kisha ufungue kivinjari uone kama imefika kwenye akaunti. Iache simu mezani usiku, kioo chini, bila chaji. Ikilia kwa wakati siku tatu mfululizo, zima arifa za ile ya zamani. Kuifuta subiri mpaka msimu uishe.